Kabla Salamu Hazijaisha

Kwa siku tatu nilipima salamu za watu kwa saa ya mkononi, na ninawaomba radhi wote niliowapima bila wao kujua. Mteja wa kawaida anayepiga simu kulalamika kwamba intaneti yake imekatika, tangu aseme "haloo" mpaka neno la kwanza la malalamiko, hutumia sekunde kumi na sita. Kijana anayesema "Mambo sista, net haipo" hutumia nne, lakini vijana hawapendi kupiga simu, wanaandika ujumbe. Mwalimu mstaafu mmoja wa Chamazi alifika sekunde arobaini na moja, na hapo alikuwa bado hajaulizia hali ya mvua.

Nilipima kwa sababu ya mkono wa mtu.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo inayosambaza intaneti kwa minara iliyosimikwa juu ya mapaa, tangu Kibamba mpaka Chamazi. Ofisi yetu ipo Kiwalani, ghorofa ya pili, mahali ambapo ndege ikipita sote tunanyamaza katikati ya neno, na mteja naye huko aliko anasubiri, kisha tunaendelea pale pale. Chumba cha simu kina meza mbili. Moja ni yangu, mwangalizi wa mitambo. Nyingine ilikuwa ya dada mmoja, ananizidi miaka tisa, mzaliwa wa Bukoba na mkazi wa Kibamba, ambaye alikuwa akipokea simu za asubuhi tangu kampuni ikiwa na minara mitano.

Kazi yake ilikuwa hivi. Umeme ukipepesa, baadhi ya minara huduwaa. Haizimi, haiwaki, inakaa tu kama mtu aliyeitwa ghafla. Mteja anapiga simu. Kwenye skrini ya dada namba ya mteja hutokea pamoja na jina la mnara unaomhudumia. Dada anaandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta: mnara, halafu washa, halafu jina la mnara. Sekunde tisa baadaye mnara unazinduka. Ndiyo kazi yote, na dada aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote, kwa mikono miwili.

Kisha akateleza kwenye tope akishuka bodaboda, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi kazini siku ya nne akiwa na ule muhogo mweupe wa plasta mpaka kwenye kiwiko, ameuning'iniza kwa khanga, na akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto ambao kwa miaka hamsini na saba haukuwahi kuandika hata jina.

Nilikaa pembeni nikisikiliza. Ta. Kimya. Ta. Kimya. Anaandika "kibmaba-shuleni". Kompyuta inajibu kwamba mnara huo haupo. Anafuta herufi moja moja. Mteja kwenye simu anapumua. "Samahani mwanangu, nisubiri kidogo." Ta. Ndege inapita. Ta.

Meneja wetu si mtu mbaya, ni lazima niliseme hilo mapema. Ana miaka thelathini na mitatu, na kila asubuhi alianzia kwenye meza ya dada: "Shikamoo mama." Naye: "Marahaba baba, umeamkaje?" Halafu alikwenda mezani kwake kusoma taarifa iliyomwonyesha kwamba huyo aliyemwamkia ndiye anayechelewesha simu. Wiki ya pili akamwita, mlango ukiwa wazi, hivyo nilisikia.

"Mama, nakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Simu zikiendelea kuwa ndefu hivi, itabidi nikuhamishie ghala la Chamazi. Kule hakuna kuandika."

Anayeijua Dar ataelewa. Kibamba ni mwisho ule wa mji na Chamazi ni mwisho huu. Kumpa mtu wa Kibamba kazi ya kila siku Chamazi ni kumwachisha kazi kwa adabu. Dada alirudi akakaa, akautazama muhogo wake.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hivi mie nikakae ghalani niongee na nyaya?"

"Nyaya za Chamazi ni sikivu, dada."

"Unacheka. Nyie watu wa kusini, watu wa korosho, mnacheka hata nyumba ikiungua." Akageuka na kiti chake. "Kwani wewe si unajifanya fundi wa kompyuta? Nitengenezee mkono."

Nikaandika kwenye daftari: *mkono*. Nikapiga mstari chini yake.

Mimi niliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa fundi redio, baadaye fundi feni, baadaye fundi wa kila kitu chenye waya, na nilipofikisha miaka thelathini na minane nikanunua kompyuta ya mtumba, nikaanza kusoma maelekezo yaliyomo ndani yake, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa kando. Faida ya kujifunza mwenyewe ni kwamba huruki ukurasa, maana hujui upi si wa lazima. Ndiyo maana nilikuwa nimesoma, miaka mingi nyuma na bila sababu yoyote, sura ndefu inayohusu kitufe cha Tab.

Kwa asiyejua: kwenye dirisha jeusi la amri hakuna picha za kubofya, mtu huandika maneno tu. Lakini ukiandika mwanzo wa neno ukabonyeza Tab, kompyuta inakumalizia, mradi mtu ameifundisha ni maneno gani yanaweza kufuata. Amri yetu ya minara hakuna aliyeifundisha. Aliyeitengeneza aliondoka kwenye kampuni kabla hajafikia anasa hiyo.

Nilifungua ile sura tena. Nilipokuwa nasoma nikatupa jicho kwenye kibodi, nikaona jambo ambalo nililiona kila siku kwa miaka kumi: Tab kipo kushoto kabisa. Mkono mzima wa dada ulikuwa wa kushoto.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akauliza kama nimeumwa na mdudu.

Kazi ya kwanza niliimaliza Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Si programu kubwa. Ni kipande cha maandishi kinacholiambia dirisha la amri: mtu akibonyeza Tab baada ya neno hili, kaulize minara iliyopo, uniletee majina. Nikaandika herufi tatu za Kibamba, nikabonyeza, na jina lote likajiandika lenyewe hadi mwisho. Nilibonyeza tena. Nililifuta nikabonyeza tena. Nadhani nilifanya hivyo mara ishirini. Mke wangu akasimama nyuma yangu na ungo wake, akatazama.

"Ndicho unachochekea hicho?"

"Tazama. Kib. Halafu, tazama."

"Nimeona."

"Tazama tena."

Akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu nilimwekea dada. Akaandika kwa kushoto, akabonyeza Tab, akangoja. Akabonyeza tena.

"Imelala hii."

"Subiri dada, inakuja."

"Inakuja kutoka wapi, Bukoba?" Akabonyeza mara nne kwa hasira, na baada ya muda kompyuta, ambayo ni mtumishi mtiifu, ikamletea majibu yote manne kwa mpigo, ikajaza skrini kwa majina, ikapiga na king'ora chake cha *tii tii*. Mteja kwenye simu akauliza kama amefika hospitali.

Nikachukua saa. Tab moja: sekunde tatu. Nyumbani sikuwa nimeliona hilo kwa sababu furaha haina saa, na pia kwa sababu nyumbani nilijipatia orodha ya minara sita ya majaribio. Ofisini minara ilikuwa mia moja na arobaini. Nikaweka hesabu kwenye daftari. Salamu sekunde kumi na sita, ndiyo maana nilizipima. Mnara kuzinduka sekunde tisa. Zinabaki saba. Kama dada angeweza kumaliza kuandika ndani ya sekunde saba, mnara ungekuwa umewaka kabla mteja hajamaliza kuuliza habari za nyumbani. Mbele ya jambo hilo meneja angesema nini? Lakini Tab mbili tu, ya neno washa na ya jina la mnara, zilikuwa zinakula sekunde sita kati ya saba.

Nikaanza kuchimba kwa nini. Sababu, nilipoipata, ilinichekesha kwa sauti ofisini. Kila dada alipobonyeza Tab, kipande changu kiliiamsha ile programu nzima ya minara. Nayo, ikiamka, kabla ya kusema lolote ilipiga hodi kwa kila mnara, mmoja mmoja: hodi, upo? hodi, upo? Iliyoduwaa haikujibu, hivyo ikangojewa. Baada ya kupata majibu ya mji mzima, ndipo inarudi na kusema: majina ya minara ni haya. Majina! Ambayo hayabadiliki hata mara moja kwa mwezi! Nilikuwa namtuma mtu mpaka Kibamba akaulize Kibamba inaitwaje.

Dawa ikawa wazi. Nikatoa kazi ya kupiga hodi nje ya Tab kabisa, nikaipa programu nyingine inayojizungukia yenyewe kila baada ya sekunde tano na kuandika matokeo kwenye faili. Tab sasa haiulizi mtu, inasoma faili tu. Nilipata somo moja hapo, nalo nalieleza kwa faida ya watakaonifuata: usiliandike faili huku mwenzio akilisoma. Asubuhi moja dada alibonyeza Tab wakati orodha iko katikati ya kuandikwa, akapewa mnara unaoitwa "kiba". Tangu hapo faili jipya linaandikwa pembeni, likikamilika ndipo linabadilishwa jina na kukaa mahali pa lile la zamani kwa mkupuo mmoja. Hakuna anayeona nusu.

Sekunde tatu zikawa karibu nusu sekunde. Mtu mwenye kiasi angeridhika. Lakini nusu sekunde ina ladha yake mbaya. Kidole kimeshamaliza na jicho linangoja, na mtu anayengoja anabonyeza tena. Nikasoma kipande changu upya, mstari kwa mstari, nikagundua kwamba kila Tab nilikuwa naita programu ndogo ndogo tano za kunisaidia: moja ichuje, moja ipange, moja ikate. Kila mojawapo ni kuzaliwa na kufa, na kwenye ile kompyuta kuukuu ya dada, kuzaliwa kulikuwa na uchungu. Nikazifukuza zote tano. Nikaandika upya kwa maneno ya ndani ya lile dirisha la amri lenyewe, lisiite mtu yeyote wa nje. Ilinichukua saa za chakula cha mchana tatu, na chapati nne nilizosahau kuzila.

Nikabonyeza Tab.

Sijui niieleze vipi. Hapakuwa na *halafu*. Kidole kinashuka na jina lipo, kama lilikuwepo muda wote na mimi ndiye niliyechelewa kulitazama. Nilijaribu kulipima kwa saa ya mkononi nikashindwa. Kidole changu cha kuzimia saa kilikuwa kizito kuliko jambo lenyewe. Nikashuka ngazi, nikazunguka jengo, nikampita fundi viatu na muuza vocha, nikapanda, nikabonyeza tena kuhakikisha halikuwa jambo la mara moja. Lilikuwepo. Nikashuka tena.

"Mzee, unatafuta nini?" fundi viatu akauliza niliporudi kwa mara ya pili.

"Sitafuti. Nimepata."

"Hongera," akasema, akaendelea kushona.

Nilipomwonyesha dada, aliandika "ki", akabonyeza, na papo hapo ikafumuka skrini nzima: Kibada, Kibamba, Kigogo, Kiluvya, Kimara, Kinyerezi, Kitunda, Kivule, Kiwalani, na kila mtaa una minara miwili mitatu. Akafuta, akaandika "m". Mabibo, Manzese, Mbagala, Mbezi, Mburahati, Mwananyamala, majina yakamiminika kama watu wanaotoka uwanjani. Mji huu umekaa katika herufi mbili.

"Inakimbia," dada akakiri. "Inakimbia kunifikisha nisikotaka."

Nikashika daftari. Nikaanza kumweleza mpango wa kuwapa minara yote namba za siri, kwa utaratibu wa wilaya, kisha barabara. Alinisikiliza mpaka namba ya nne.

"Mdogo wangu. Kwani mie nina shida na minara mizima? Nikiandika washa, nionyeshe wagonjwa tu. Nesi akitoka na dawa haanzi kuita majina ya watu walio makwao."

Nikafunga daftari. Miaka kumi ya kusoma kurasa, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa meza ya pili na muhogo wake. Mzungukaji wangu alikuwa anajua tayari ni minara ipi haijibu. Kilichobaki ni kuandika faili la pili, dogo, la walioduwaa, na kusema: baada ya neno washa, Tab isome hili. Karibu siku zote faili hilo lina jina moja tu, na jina likiwa moja Tab haihitaji hata herufi ya kuanzia. Linaandikwa lote. Yakiwa mawili au matatu, skrini ya simu inakwambia ni lipi, na herufi chache zinatosha. Nikaifupisha na amri yenyewe iwe herufi q, jirani wa Tab. Q, nafasi, w, Tab, Tab, kitufe cha kukubali. Mibonyezo sita, karibu yote upande wa kushoto.

Nikampima dada akifanya mazoezi. Sekunde nne. Mara ya tano, sekunde tatu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye duka la dawa Mbagala.

"Haloo, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" Q, nafasi, w.

"Sijambo. Za huko?"

"Huku salama, sijui nyie." Tab, Tab. Mkono wake wa kushoto ulitembea kama kaa.

"Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wamekwenda shule. Na wa kwako?"

"Wazima. Sasa dada, mie nimekupigia, huku kwangu tangu asubuhi hii... eh." Kimya. "Eh! Imerudi."

"Imerudi?"

"Imerudi sasa hivi, nikiwa naongea na wewe!"

"Basi tumshukuru Mungu."

"Asante dada, baadaye."

Dada akakata simu, akanigeukia. Kisha akaanza kucheka, cheko la Kihaya lisilo na haraka, linalopanda kama maji kwenye ndoo, na mimi nikacheka mpaka nikavua miwani. Simu ya pili ikaita. Nayo ikaenda hivyo hivyo. Ya tatu mteja hakufika hata kwenye "mie nimekupigia".

Kwa wiki mbili chumba kile kilikuwa na furaha ambayo sina neno lake. Watu walipiga simu wakiwa na hasira, wakasalimia kwa sababu hakuna anayeweza kuanza na hasira bila kusalimia, na walipomaliza kusalimia hasira haikuwa na pa kukaa. Wateja wakaanza kuambiana. Mzee mmoja wa Kitunda alipiga akasema wazi: "Mwanangu, mie nimekuja kukuamkia tu, maana naambiwa ukiamkiwa wewe mtandao unarudi." Alikuwa mkubwa kuliko dada, kwa hiyo dada ndiye aliyemwamkia, na mtandao ukarudi vilevile. Mzee akasema basi inafanya kazi pande zote mbili.

Tulikuwa tumesahau fomu.

Meneja alikuwa ametuwekea jedwali: kwa kila simu, mpokeaji aandike sababu iliyomfanya mteja apige. Dada ni mzee wa kanisa, hawezi kuandika lisilosemwa. Mteja aliyesema mtandao umekatika, aliandika mtandao umekatika. Mteja aliyesalimia, akaona umerudi, akakata simu, dada aliandika alichosikia: *Alisalimia.*

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, meneja aliingia na karatasi mkononi. Hakuanza na shikamoo. Nikajua.

"Mama, naomba unisaidie kuelewa. Wiki hii simu zako zimekuwa fupi sana. Sekunde ishirini, sekunde ishirini na tano. Nikafurahi. Halafu nikatazama sababu." Akasoma. "Alisalimia. Alisalimia. Alisalimia. Alisalimia na kuulizia mkono. Alisalimia. Huyu, alisalimia mara mbili."

"Huyo alipiga tena kushukuru," dada akasema.

"Kushukuru nini?"

"Sasa baba, si hakusema."

Meneja akaweka karatasi mezani taratibu. "Mama, wewe ni mtu wa kwaya. Una ndugu, una majirani, Kibamba yote inakujua. Nakuuliza kwa heshima. Umewapanga watu wakupigie wakusalimie ili wastani ushuke?"

Nilimwona dada, mkono wake mzima ukiushika ule muhogo. Hadi hapo tulikuwa tunaogopa Chamazi, na Chamazi, hata hivyo, ni mahali mtu anaweza kwenda na jina lake. Hili lilikuwa jambo jingine. Angeondoka pale akiwa mwongo.

Nikasimama kumtetea, na nilifanya vibaya kadiri mtu anavyoweza. Nilianza mwanzo. Nilieleza dirisha la amri ni nini. Nilieleza kupiga hodi kwa minara, nikaeleza faili la pembeni na kubadilishwa jina, nikawa naingia kwenye zile programu tano na kuzaliwa kwao, na macho ya meneja yakawa yanafunga kama duka.

"Kaa chini mdogo wangu," dada akanong'ona. "Unanizamisha."

"Fundi," meneja akasema, "mie nauliza habari za simu, wewe unaniambia habari za uzazi."

Taa zikapepesa. Feni ikasita, ikaendelea. Sote watatu tukatazama juu, na simu ikaita.

Dada alimtazama meneja. Meneja akabonyeza spika mwenyewe, akavuta kiti akakaa, mikono kifuani. Kwenye skrini: yule mwalimu mstaafu wa Chamazi, sekunde arobaini na moja.

"Haloo!"

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Hamjambo hapo?"

"Hatujambo, shikamoo tena." Mkono wa kushoto ulikwenda mbio. Aliandika w kabla ya q, akafuta. Meneja akamwonyesha kwa kidole: *muulize shida yake*. Dada akamkodolea macho. Ungemkatizaje mwalimu wa miaka themanini katikati ya salamu? Hata meneja alilijua hilo, akashusha kidole. Q, nafasi, w.

"Na ule mkono?"

"Unaendelea vizuri mwalimu, wiki ijayo wanafungua." Tab.

"Usiufanyishe kazi. Mfupa hautaki haraka. Mimi mwaka ule niliovunjika mguu..."

Tab. Majina mawili yakatokea, maana umeme ulikuwa umeiduwaza minara miwili. Dada akaandika "ch", Tab, akakubali. Meneja aliacha kutazama simu, akawa anautazama ule mkono.

"...na wenzako wote hawajambo?"

"Hawajambo. Meneja yupo hapa, anakusikia."

"Aa! Meneja, hujambo?"

Meneja alishtuka kama aliyeitwa darasani. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unawatunza vizuri wafanyakazi wako?"

"Tu... tunajitahidi, mwalimu."

"Vizuri. Sasa mwanangu, mie nilikupigia, hapa kwangu..." Sauti ikasogea mbali na simu, tukasikia redio ya kompyuta ikianza kusoma habari chumbani kwake. "Ah, basi. Imerudi. Haya, kwaherini."

Simu ikakatika. Ndege ilikuwa inapita, hivyo tukangoja. Ilipokwisha, dada alivuta fomu, akachukua kalamu kwa kushoto, akaandika, herufi zikipinda kama mtoto wa darasa la kwanza: *Alisal*

"Subiri mama," meneja akasema.

Aliinama kwenye skrini. Akaisoma ile amri, akasoma saa iliyo pembeni yake, akasoma ule mnara wa pili uliokuwa bado umeduwaa. Akamwomba dada asogee. Akaficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, na kwa kushoto akaandika q, nafasi, w. Akabonyeza Tab. Akabonyeza Tab.

Jina likawepo.

Alilifuta. Akabonyeza tena. Nilimtazama usoni, nikalijua tabasamu lile. Nilikuwa nimezunguka nalo jengo hili mara mbili.

"Hebu," akasema, bila kunitazama, "hebu nirudie."

"Baba, kuna watu wa mnara huo wanasubiri," dada akamwambia.

Akakubali amri. Mnara ukazinduka. Akakaa pale, mkono wa kulia bado nyuma ya mgongo, kisha akachukua kalamu na kuifuta ile *Alisal* kwenye fomu, akaandika juu yake *mtandao ulikatika, umerudishwa*, akaanza kufanya hivyo kwa simu za nyuma, moja baada ya nyingine, akilinganisha na saa za amri kwenye skrini.

Dada alimwacha afike ya sita au ya saba.

"Kwa hiyo Chamazi niende au nisiende?"

"Mama, ukafanye nini Chamazi?" Hakuinua kichwa. "Pokea simu hiyo, inaita."